Boriti za Boma la Mikindani: Jengo Hili ni la Nani?

Msafiri atokaye Mtwara kwenda Lindi hafiki mbali, kilomita kumi hivi, kabla hajaiona ghuba ya Mikindani. Maji yake yametulia, kwa kuwa mlango wa kuingilia kutoka bahari kuu ni mwembamba na nchi kavu imeikumbatia ghuba pande zote. Pembeni ya maji pana mji wa kale wenye nyumba za mawe. Baadhi zimesimama, nyingine zimebaki kuta tu. Na juu ya mji, penye mwinuko, lasimama jumba jeupe lenye mnara, limeelekeza uso wake baharini. Hilo ndilo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895.

Mtu akiuliza jengo hili ni la nani, aghalabu hujibiwa kwa neno moja: la Wajerumani. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya kweli. Ni kweli kwamba Mjerumani ndiye aliyeamuru lijengwe. Lakini amri haibebi jiwe, wala haichomi chokaa, wala haiingii matopeni kukata mti na kuutoa kwa bega. Nusu ya pili ya kweli haisemwi sana, na ndiyo tunayotaka kuieleza leo. Kwa sababu mfanyakazi asiyejua kazi ya babu zake husadiki kwa urahisi kwamba kila kilicho kikubwa katika nchi yake kililetwa na mgeni.

MJI ULIOKUWAPO KABLA YA BOMA

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba Mikindani haikuanzishwa na Mzungu. Zamani za Masultani wa Unguja ilikuwa bandari inayojulikana. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi. Kutoka bara, kwa njia iendayo mpaka Ziwa Nyasa, zilishuka pembe za ndovu, sandarusi, na mpira wa mwitu. Na kwa aibu ya wakati ule, walishuka pia watu waliofungwa minyororo ili wauzwe. Hatuwezi kuusifu mji wa kale huku tukilificha jambo hilo. Kuta nzuri za matajiri wa pwani zilijengwa kwa faida ya biashara, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa ni damu ya watu.

Mwezi wa Machi 1866 alishuka Mikindani msafiri David Livingstone, katika safari yake ya mwisho, akitaka kupanda bara kwa kuufuata mto Ruvuma. Hakupanda peke yake. Walikuwamo Susi na Chuma, ambao miaka saba baadaye, Livingstone alipokufa mwaka 1873, waliongoza wenzao kuibeba maiti yake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Vitabu vingi vikamwandika Livingstone kwa herufi kubwa na hao wawili kwa herufi ndogo. Mwendo huo huo wa kuandika ndio utakaotukuta tena mbele, kwenye habari ya Boma.

MKATABA WA KARATASI NA MOTO WA 1888

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipata kwa mkataba haki ya kuiendesha pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Unguja na kutoza ushuru wa forodha. Mkataba ulitiwa saini Unguja. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo maofisa wa Kampuni walipoanza kupandisha bendera yao na kuamuru kana kwamba nchi ni yao, pwani ikawaka moto. Pangani aliinuka Abushiri bin Salim. Saadani alikuwako Bwana Heri. Kusini nako hakukulala. Kilwa waliuawa Wajerumani wawili, na wale wa Lindi na Mikindani, walipoona watu wamewashukia kutoka bara, walikimbilia baharini kuokoa roho zao.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kulipwa. Askari wake wengi hawakuwa Wazungu. Waliandikwa Misri, wengi wao Wasudani, na wengine walitoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwezi wa Mei 1890 jeshi hilo liligeukia kusini, likazitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ikashika utawala kutoka mikononi mwa Kampuni.

Lakini kuitwaa pwani si kuitwaa nchi. Juu ya uwanda wa Makonde alikuwako Machemba, mkuu wa Wayao. Mwaka 1890 Wissmann alimwita aje kujisalimisha. Machemba akamjibu kwa barua ya Kiswahili, na maana ya jibu lake ilikuwa wazi: kama watakacho ni urafiki, yeye yu tayari, bali kuwa mtumishi wa mtu hawezi, na kwenda hatakwenda. Majeshi yalipelekwa juu yake zaidi ya mara moja yakarudi bila ya kumpata. Hakushindwa hata mwaka 1899, na hata hapo hakukamatwa, bali alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Sasa zitazameni tarehe hizo, ndugu wasomaji. Boma limejengwa mwaka 1895, wakati Machemba angali na nguvu zake bara. Kuta nene hazijengwi na mtu aliyestarehe. Jengo lile limetazama bahari ili lione meli na majahazi, na limekaa mlimani ili lisishikwe kwa ghafula kutoka bara. Katika mawe yake imo amri ya mtawala, na humo humo umo pia woga wake.

MIKONO ILIYOJENGA

Je, Boma limejengwa kwa nini, na kwa ujuzi wa nani? Mjerumani hakuja na mawe kutoka Hamburg. Alipofika pwani alikuta watu wanaojua kujenga nyumba za ghorofa tangu karne nyingi kabla yake. Mtu asiyesadiki na aende Kilwa Kisiwani akatazame. Mjerumani akaitumia kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana Boma la Mikindani lina sura ya Ulaya, na ya Uarabuni, na ya Uswahilini kwa pamoja.

Jiwe la majengo ya pwani ni tumbawe, lililochimbwa ardhini au kutolewa baharini maji yakipwa. Chokaa yake hutokana na jiwe hilo hilo. Mafundi hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, kisha hupakia vipande vya matumbawe juu yake na kuwasha moto. Moto huwaka mpaka magogo yamekwisha na mawe yamegeuka meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji au huachwa yanyeshewe, yakavunjika kuwa unga. Hiyo ndiyo chokaa iliyoshika majumba ya pwani yote, na tanuri moja tu hula miti mingi sana.

Tena ziko boriti. Paa la nyumba ya mawe, na sakafu ya ghorofa yake, hulala juu ya miti ya mikoko. Fundi huichagua kwa unene: fito ni nyembamba kabisa, pau zaizidi, na mazio yako juu yake, boriti ndizo zibebazo dari, na nguzo ni nene kupita hizo. Mti huo ni mgumu, tena mchwa hauli kwa urahisi. Lakini una mpaka wake: hautoi boriti ndefu iliyonyoka kama mtu apendavyo. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba, futi nane mpaka kumi hivi, ingawa urefu wake waweza kuwa mkubwa. Tajiri awe na fedha kiasi gani, upana wa chumba chake uliamuliwa na mkoko.

Mikoko hiyo ndiyo mali ya kale ya kusini. Kutoka Rufiji mpaka mlango wa Ruvuma, kila mto uingiapo baharini pana msitu wa mikoko uliosimama ndani ya matope. Majahazi yalipakia boriti na kwenda nazo Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako nchi ni kavu na miti ya kujengea ni shida. Nyumba nyingi za huko, mpaka siku za mafuta, zilifunikwa kwa miti ya Afrika ya Mashariki.

Na kazi ya kuikata ni kazi gani? Mkataji huingia maji yakipwa, akazama matopeni mpaka magoti au zaidi, shoka mkononi, mbu kichwani. Mizizi ya mikoko imesimama kama miguu ya kaa, hapana mahali pa kukanyaga sawasawa. Akishaangusha mti huupunguza matawi, huubeba begani mpaka kwenye mtumbwi, kisha hungoja maji yajae yamtoe. Akichelewa, analala mikokoni. Kila boriti iliyoko darini Mikindani ilitoka hivyo. Hakuna boriti iliyojileta yenyewe.

Basi tunapotazama Boma tunaona mchimba mawe, mchoma chokaa, mkata mikoko, nahodha wa mtumbwi, mwashi, seremala wa milango, na wanawake waliotwika maji na udongo. Hivyo ndivyo jengo la mawe lilivyosimamishwa mahali popote pa pwani hii. Majina ya mabwana hukaa vitabuni. Majina ya mafundi hayakuandikwa ukutani.

Tena isidhaniwe kwamba kuandika majina ya wafanyakazi hakukuwezekana. Karibu na Lindi, mahali paitwapo Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale tangu mwaka 1909 mpaka 1913. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi wakaibeba mpaka bandarini Lindi, na mifupa hiyo ikaenda Berlin. Huko jina la msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, limehifadhiwa mpaka leo katika habari za kazi ile. Kumbe mtu akitaka kuandika jina la mfanyakazi, kalamu haimkatai.

KAZI YA BOMA

Boma halikujengwa liwe pambo. Neno boma katika siku za Wajerumani lilikuwa na maana tatu kwa raia: kodi, kesi, na kiboko. Kuanzia mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, na mwenye kibanda cha shamba alitakiwa rupia 3. Mtu asiye na rupia alizifuata kwenye kazi ya mzungu, au alifanya kazi ya serikali badala yake. Hivyo ndivyo kodi ilivyokuwa mlango wa kumtoa mkulima shambani kwake. Na aliyekosa, au aliyesemwa kuwa amekosa, alikutana na viboko vile ambavyo wazee wa pwani walivihesabu kwa Kiarabu, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Hesabu hiyo haijasahauliwa.

Mpaka nao uliwekwa kwa mtindo huo huo. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma ndio utakaowagawa. Wamakonde wako kusini ya mto na kaskazini ya mto, ni watu wa lugha moja, lakini kalamu ilipita katikati yao. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka Kionga, kipande kidogo kilichoko kusini ya mlango wa mto. Wareno wakakirudisha mwezi wa Aprili 1916, na baada ya vita wakathibitishiwa kuwa ni chao. Mkazi wa Kionga aliyezaliwa mwaka 1890 alibadilishiwa bendera mara mbili bila ya kuhama nyumba yake.

BENDERA ZILIZOPITA

Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza walitua Mikindani, na Boma likabadilisha bwana. Vita hiyo ilikuwa ya Wazungu, lakini mizigo yake ilibebwa na Waafrika, na makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu hawana makaburi yajulikanayo. Utawala mpya uliingia katika jengo lile lile, ukakalia viti vile vile na kuendelea kutoza kodi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja mpango wa karanga. Serikali ya Uingereza iliutangaza mwaka 1946, na kazi ikaanza mwaka 1947 kwa matarajio ya kulima zaidi ya eka milioni 3. Kusini palichaguliwa Nachingwea. Ghuba ya Mikindani, iliyowafaa wenye majahazi kwa miaka mingi, haikufaa meli kubwa. Basi bandari mpya yenye kina ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kwenda bara. Ofisi za serikali nazo zikahama Mikindani. Mpango ule ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi, na reli yenyewe ikaja kung'olewa katika miaka ya 1960. Wataalamu wake walikuwa na matrekta mengi, ila hawakumwuliza mkulima wa pale juu ya mvua wala juu ya udongo.

Mtwara ikakua, Mikindani ikabaki nyuma. Bendera ya Tanganyika huru ilipanda tarehe 9 Desemba 1961. Boma lilikuwa limekwisha kupungukiwa na kazi, na miaka ilivyopita likaachwa likachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la hisani la Uingereza, liitwalo Trade Aid, lilishika kazi ya kulitengeneza, likaajiri na kufundisha wenyeji, na Boma likafanywa hoteli ya wageni.

LIFANYWE NINI SASA?

Wako wenzetu wasemao: nyumba ya kiboko na ianguke, kwa nini tutie chokaa ukuta uliotupiga? Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa sababu inatoka katika uchungu wa kweli. Lakini hatukubaliani nayo. Jengo likianguka, uchungu hauponi. Ushahidi ndio unaopotea. Mjukuu atakayeambiwa habari za hamsa ishirini bila ya kuona mahali palipotoka amri atazidhani kuwa ni hadithi. Tena kuliangusha ni kumpa mkoloni kazi ya mikono yetu mara ya pili: mara ya kwanza aliichukua kwa nguvu, mara ya pili tungempa bure kwa kukubali kwamba jengo lilikuwa lake.

Wako wengine, na hawa wametuzidi wengi, wasemao: jengo ni zuri, lina mandhari, wageni wanalipenda, yatosha. Hao nao hatukubaliani nao. Mgeni akinywa chai juu ya ghorofa na kuitazama ghuba bila ya kuambiwa ni nani aliyekata boriti zilizo chini ya miguu yake, ameuziwa nusu ya nyumba. Wahenga walisema, mgala muue na haki yake umpe. Sisi twasema Mjerumani apewe haki yake ya kuwa aliamuru, na fundi apewe haki yake ya kuwa alijenga.

Kwa hiyo tunaona mambo matatu yanafaa kufanywa, na hakuna hata moja lililo la gharama kubwa.

La kwanza ni kuandika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililotangulia mwaka huo lililindwa kwa sheria yenyewe, na lililofuata lilihitaji tangazo la waziri. Sehemu kubwa ya historia ya kazi na ukoloni iko upande wa baadaye wa mpaka huo. Basi walimu wa shule, wazee wa mji na vyama vya wafanyakazi wasingoje. Mzee aliyesikia kwa baba yake habari za kuchoma chokaa au kukata boriti asikilizwe, na maneno yake yaandikwe kwa jina lake.

La pili ni kuulinda ufundi. Ukuta wa tumbawe na chokaa huvuta maji na kuyatoa. Ukipakwa saruji, maji na chumvi hufungwa ndani, nao ukuta huoza huku unang'aa kwa nje. Paa likitoboka, mvua huiyeyusha chokaa, boriti huoza, na nyumba iliyosimama miaka mia huwa kifusi kwa masika machache. Nyumba nyingi za Mikindani zimekufa hivyo. Hazihitaji mtaalamu kutoka mbali. Zahitaji fundi ajuaye chokaa, na kijana wa kumrithi. Fundi huyo akifa bila ya mwanafunzi, tumebomoa kwa mikono yetu.

La tatu ni kuulinda msitu. Mikoko ya mlango wa Ruvuma tangu mwaka 2000 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mikoko ni mahali wanapokulia samaki na kamba, tena huzuia mawimbi yasile ardhi. Lakini hifadhi isimsahau yule mkata boriti. Mtu anayekatazwa shoka lazima aonyeshwe riziki nyingine; la sivyo, ataingia usiku. Waliotangulia walikata kwa ajili ya majumba ya wengine. Haifai wajukuu wao ndio wawe watu wa kwanza kulipia ulinzi wa miti.

Kisha, mlangoni pa Boma, pawekwe kibao. Kisiwe kirefu. Kiseme kwa Kiswahili kwamba jengo hili liliamriwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1895, likajengwa na wachimba mawe, wachoma chokaa, wakata mikoko, waashi na maseremala wa pwani hii, ambao majina yao hayakuandikwa. Msafiri wa njia ya Lindi akisoma hayo, na akauliza jengo ni la nani, mtoto wa Mikindani atakuwa na jibu zima.